Paa Langu, Kisima Chake

Dada Mwanahawa,

Dua nimekwisha kukuombea, pamoja na watu wote, tena kwa sauti. Barua hii si dua. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na wewe mwenyewe ulinifundisha tangu utotoni kwamba mtu akikukosea umwambie usoni. Uso wako sinao tena. Nina baraza lako, meza yako yenye mguu mmoja mfupi, na mvua inayonyesha juu ya bati ulilonirithisha. Itabidi hivyo vitoshe.

Wosia wako ulisomwa baada ya arobaini, hapa hapa Newala, uani kwako. Imamu aliusoma. Mwenyekiti wa mtaa alithibitisha kwamba ulitia dole gumba mbele yake ukiwa na akili timamu, na kwamba hukulazimishwa na mtu. Ndugu walitoka Chiungutwa kwa bodaboda, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, wakakaa mikekani kwa heshima. Mikorosho yote ya Chiungutwa uliwapa watoto wa marehemu kaka. Hakuna aliyebisha. Cherehani ulimpa binti wa jirani. Hakuna aliyebisha. Kisha ikasomwa: "Nyumba ya Newala, pamoja na paa lake na kila kilichopigiliwa juu yake, nampa mdogo wangu Zubeda." Nikainamisha kichwa, nikalia. Sioni aibu kusema hivyo.

Imamu akaendelea kusoma, na machozi yangu yakakauka papo hapo.

"Kisima cha mvua kilicho uani nampa Somoe, mama wa Shaibu, pamoja na njia ya kukifikia. Msimamizi wa mirathi ni mdogo wangu Zubeda, kwa kuwa yeye hapindishi jambo."

Somoe, Dada! Mke mwenzio. Mwanamke ambaye shemeji alimhamishia nyumba ya pili, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo ukifungua dirisha unamwona anavyoanika muhogo. Ulimpa yeye kisima, halafu ukanichagua mimi nikamkabidhi kwa mkono wangu. Nisingekuwa nakujua, ningesema uliandika ukiwa na homa.

Mgeni wa bondeni angesema umempa shimo tu. Sisi tunajua shimo hilo ni nini. Juu ya uwanda huu ardhi haina maji. Mwanamke asiye na kisima cha mvua huteremka bondeni na ndoo, kisha huipanda milima na ndoo hiyo kichwani, kila alfajiri ya maisha yake, au husubiri bomba linalotoa maji likipenda. Nyumba hujengwa tena. Kisima cha mvua hurithiwa.

Na hiki tulikichimba mimi na wewe. Sijui kama ulikumbuka hilo ulipokuwa unatia dole gumba. Ulikuwa mwaka ule ule Somoe alipoletwa. Ulikutana naye mara moja tu kwenye njia ya maji, ukarudi na ndoo tupu, ukaniletea habari hadi Chiungutwa. Ukasema, "Sitaki kupishana naye tena. Nataka maji yangu mlangoni kwangu." Likizo yangu yote ya shule niliimalizia hapa. Fundi alikuwa chini anachimba, sisi juu tunavuta udongo kwa kamba na kuumwaga nyuma ya jiko. Kila karai lilipofika juu ulisema, "Hili la Somoe," na mimi nikaitika, "La Somoe!" Fundi alidhani Somoe ni jina la mganga. Tulicheka hadi tukaangusha karai, likampata begani, akapanda juu kutukana.

Alipomaliza kupiga plasta na niru, tulingoja mvua kama watu wanaomngoja mgeni. Ilipokuja ya kwanza tulilala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, vichwa ndani, tukisikiliza maji yakianguka gizani. Ukanishika mkono. "Sikiliza, Zube. Sasa hatuna haja ya mtu."

Hatuna. Ulisema hatuna. Nilikuamini.

Tangu hapo nilimchukia Somoe kwa ajili yako, na nilifanya kazi hiyo vizuri kama nilivyofanya kazi zangu zote. Nilipokuja likizo alikuwa akisimama kando ya barabara na kusema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa kuwa ni mdogo kwangu na alilelewa vyema. Sikumwitikia hata siku moja. Unajua uzito wake katika nchi hii, mkubwa kuisikia shikamoo na kuinyima marahaba. Nilikuwa napita, nawe barazani unashika mbavu kwa kicheko: "Umempita kama kisiki!" Katika matanga ya shemeji alileta uji wa wafiwa, nikauacha ukagandia kwenye bakuli. Ulikuwa umekaa kando yangu. Uliona. Hukusema neno.

Basi rudi kwenye wosia. Ulipomalizika kusomwa, Bakari, mtoto wa kaka, akacheka puani. Baadaye akanifuata jikoni.

"Shangazi," akasema, "mbona unahuzunika? Wosia umempa kisima. Haukumpa mvua."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Gata zinazopeleka maji kisimani zimepigiliwa wapi? Si juu ya paa? Na paa ni la nani?"

Sijawahi kumpenda Bakari. Tangu mdogo ana akili ya kufungua mlango wa mtu bila kubisha. Lakini siku hiyo nilimwona ana busara. Nilimkabidhi Somoe ufunguo wa kufuli la mfuniko mbele ya mashahidi, akaupokea kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante, Mwalimu." Kisha, wiki hiyo hiyo, nilimwita fundi akateremsha gata zote, nikazipanga stoo. Sikuupinda wosia. Niliufuata neno kwa neno. Somoe alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akitazama kila kipande kinavyoshuka. Nilipogeuka ili nimpite kama kawaida, nikagundua hakuna cha kupita. Hakuniamkia. Aligeuka akaingia ndani.

Ungeshangaa jinsi inavyokera kunyimwa kitu ambacho hukuwa unakipokea.

Mabibo yalipokwisha kuokotwa na mawingu yakaanza kukaa upande wa Masasi, Somoe alikuja kusafisha kisima. Hakubisha hodi, njia ulimpa wewe. Nilikuwa barazani nachambua mbaazi. Nilidhani ameleta kijana wa kuingia ndani, maana wewe ulikuwa ukiniambia kila mwaka, "Napata mtu." Hakuleta mtu. Alivua bangili, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akateremsha ngazi, akatanguliza miguu na kupotelea ndani ya tundu lile jembamba kama mtu anayeingia kitandani kwake. Mwanamke mwenye wajukuu.

Nikaendelea na mbaazi. Kutoka ardhini nilisikia brashi ikikwangua ukuta, kisha sauti.

"Mwalimu! Nipokee ndoo ya tope."

Nikachukua mbaazi nyingine.

"Basi, nitapanda nayo mwenyewe. Kama zamani."

Neno hilo la mwisho lilinisimamisha. Nilikwenda hadi kwenye mdomo wa kisima, nikainama pale pale tulipolala mimi na wewe, nikasema, "Zamani gani?"

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu aolewe. Brashi ikanyamaza.

"Loo," akasema, "kumbe una sauti!"

"Nimekuuliza zamani gani."

"Sasa ulidhani nani alikuwa anaingia humu? Dada yako, na magoti yale? Au malaika?" Akakwangua kidogo. "Tangu mume wetu afariki. Alikuja kwangu mwenyewe, akakaa pale kwenye kinu, akasema: Somoe, wewe ni mwembamba na mdomo wa kisima ni mwembamba, tuache upuuzi. Tukaacha."

Mliacha! Mke mwenzio akanisimulia yote kutoka shimoni, nami nimeinama juu yake kama mtoto anayesomewa kosa lake. Kwamba asubuhi alikuwa anateka maji hapa kwa ajili ya nyumba zote mbili. Kwamba mkila ming'oko, vile viazi vya porini, mlikula sahani moja. Kwamba ni yeye na Shaibu waliokupakia kwenye gari kwenda hospitali ya Ndanda ulipozidiwa, na mimi nikapigiwa simu baadaye, nikafika kukuta umekwisha kufunikwa.

Nikamwuliza, "Na nilipokuwa nakuja likizo?"

"Tulikuwa tunaambiwa mapema. Zubeda anakuja, kaeni kwenu. Shaibu anachukia sana. Anasema Mama Mkubwa anatufungia maji kwa sababu ya mwalimu. Lakini tulikaa."

"Kwa nini?"

Nilisikia brashi, maji machafu yakimwagwa ndooni, brashi tena.

"Nilimwuliza hilo hilo," akasema. "Akaniambia: Ana hasira zangu. Nikimnyang'anya, atabaki na nini?"

Dada.

Hapa ndipo penye ugomvi wetu. Kisima si kitu. Ungempa Somoe nyumba, mikorosho, cherehani na meza ya mguu mfupi, ningesaini na kurudi kwangu. Lakini uliutua mzigo wako, ukaniacha mimi nimeubeba. Ulinitazama nikiubeba. Ulinichekea nilipopita barabarani na shingo yangu ngumu, kumbe ndani ya jiko lako kulikuwa na kanga ya Somoe imeanikwa juu ya kamba. Na uji ule wa matanga! Ulikuwa umekaa kando yangu, na labda siku hiyo hiyo, kabla au baada, ndipo ulipokwenda kukaa kwenye kinu chake. Ungeninong'oneza, "Zube, kunywa." Neno moja. Ningekunywa. Unajua kwamba ningekunywa. Katika maisha yangu sikuwahi kukukatalia jambo.

Na hiyo "atabaki na nini." Nani alikuuliza? Nilikuwa na madarasa. Nilikuwa na wanafunzi ambao leo ni wauguzi na madereva na mashekhe, wakiniona wanashuka baiskeli. Nilikuwa na shamba langu. Sikuzaa, wewe pia hukuzaa, wala sikukuhurumia hata siku moja, maana nilikuona mzima. Kumbe wewe ulinitazama ukaona mwanamke ambaye, akivuliwa ugomvi usio wake, habaki na kitu. Ukamwambia hivyo nani? Somoe!

Nilikwenda kulala na mbaazi zangu nusu zimechambuliwa. Gata zikabaki stoo. Nilisema moyoni, sasa ndiyo hazipandi kabisa.

Mvua ikaja. Ilikuja kwa fujo kama inavyokuja hapa juu, ikatiririka kutoka pembeni mwa paa na kuchimba mfereji chini ya ukuta wako. Kisima kilikuwa kisafi kinang'aa, kitupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nanunua maji ya madumu kwa vijana wa bodaboda huku mvua ikinimwagikia mlangoni. Siku ya pili ya mvua matofali ya chini yakaanza kuvimba upande wa chumba chako. Somoe alikuja, kajifunika turubai kichwani, akasimama chini ya ukingo wa jiko akinitazama ninavyotega sufuria.

"Mwalimu," akasema, "mvua ni ya Mungu, lakini ukuta ni wako."

Nikamwambia ashughulike na kisima chake.

"Kisima changu hakina haraka. Mimi bondeni nilianza kuteremka kabla sijavunja ungo, najua kila jiwe la njia ile. Wewe je? Utateka maji kwa cheti?"

Akaondoka zake na turubai lake. Jibu lilinijia baada ya saa nzima, na halikuwa zuri.

Halafu likaja suala la mahakama. Msimamizi anatakiwa arudishe taarifa kwamba kila mtu amepata alichoachiwa. Nilikaa mezani pako, mguu mfupi nimeuwekea jiwe, nikaandika: mikorosho imegawanywa, cherehani imekabidhiwa, nyumba imepokewa. Nikafika kwenye kisima. Nikaandika, "Kisima kimekabidhiwa kwa ufunguo." Nikaisoma sentensi hiyo. Haikuwa na kosa lolote. Nikashindwa kutia saini.

Shimo lisiloweza kupata maji si kisima, Dada. Hata mtoto analijua. Nilikuwa nimetoa shimo na kuandika kisima, na taarifa ile ilikuwa inaniangalia kwa macho yako. "Kwa kuwa yeye hapindishi jambo." Ulijua. Ulijua Bakari atakuja jikoni, ulijua nitamsikiliza, na ulijua kwamba mwishoni nitakaa mezani nishindwe kusaini. Ndiyo maana ukagawa paa huku na kisima kule. Paa bila kisima linamwaga maji yake bure, na kisima bila paa ni kaburi. Ulitufunga kamba moja kama mbuzi wawili, kisha ukaondoka. Ningependa uelewe kwamba sikufurahishwa na ujanja huo, na kwamba kutii kwangu si kukubali.

Fundi alirudi. Bakari alipopata habari akapiga simu. "Shangazi, umelegea." Nikamwambia aokoe salio lake.

Gata ya mwisho iliunganishwa mchana, na alasiri mawingu yakafunga. Somoe alivuka barabara bila kuitwa. Alichomoa kipande cha bomba juu ya mdomo wa kisima ili maji ya kwanza, yenye vumbi na majani, yamwagike nje, akaonja kwa kidole, akatema, akangoja, akaonja tena, kisha akalirudisha bomba mahali pake. Maji yakaanza kuanguka ndani. Mimi nilikuwa upande huu wa tundu na yeye upande ule. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Nilitaka kukushika mkono, nikakasirika upya.

Kesho yake nilipofungua mlango palikuwa na ndoo ya maji barazani, imejaa hadi ukingoni, na Somoe anaondoka.

Nikamwambia, "Ndoo hii inavuja."

Akasema bila kugeuka, "Ilikuwa ya dada yako."

Kila asubuhi analeta. Haniamkii. Sijui ni lini ataanza tena, na sitamwomba. Lakini nikisikia mfuniko wa kisima unafunguliwa huwa najikuta nimesimama nyuma ya mlango, marahaba iko mdomoni, kama mpumbavu.

Sasa sikia ninayokuahidi, kisha nikuache upumzike, kama kupumzika kunawezekana kwa mtu aliyefanya haya. Ukuta wa chumba chako utazibwa mvua ikipungua. Gata zitasafishwa kila mwaka kabla ya mawingu, na muda wote nitakaoishi chini ya paa hili Somoe hatakosa tone la mvua yake. Taarifa nimeisaini. Mimi nami nitaandika wosia. Paa sijaamua litakwenda kwa nani, ila Bakari halipati.

Juzi Ijumaa nilikuja kaburini. Hukuniona nikilia, kwa kuwa sikulia. Nilikuletea kitu chako na nikakiacha pale: zile hasira za Somoe, zote, tangu karai la kwanza. Nimezitunza vizuri, hazikupungua. Chukua. Hizi nilizobaki nazo ni zangu mwenyewe, na ni zako wewe, na sina nia ya kuzitua hadi tutakapoonana.

Kwa hiyo ulale bila wasiwasi, Dada. Nimebaki na kitu.

Mdogo wako,
Zubeda